Mikono Iliyoinuliwa kwa Fatiha

Jumapili, 2 Mei 1976

Sala ya alfajiri, chai kavu, mkate wa jana. Nimepiga pasi kanga mbili. Treni ilichelewa.

Mkutano ulikuwa kwenye ule ukumbi wa kukodi huko Croydon, kusini mwa London. Dirishani linaonekana jengo refu la Uhamiaji, na kila aliyekaa ukumbini amewahi kupanga foleni mle. Bwana Suleiman alisema kwa saa nzima. Ni karani wa wakili, basi hudhani kila jambo ni kesi na yeye ndiye wakili. Maneno matatu ya Kiswahili, la nne Kiingereza. “Tumerizolvu,” alisema, yaani tumeazimia. Nilimfundisha huyu mtu darasa la tano, Unguja. Niliona aibu kwa niaba ya ubao wangu.

Alichotaka ni hiki. Sisi Waunguja tumo katika jumuiya kubwa ya Kingsbury, ya Wahindi Waislamu waliotoka Kampala na Nairobi. Tunatoa mchango kama wao, lakini kwenye kamati hatuna hata mtu mmoja. Televisheni sasa imejaa Wamarekani, kwa kuwa mwaka huu wanatimiza miaka mia mbili tangu wamkatae mfalme wa Waingereza. Bwana Suleiman ameyaona hayo na damu imemchemka. Nasi tujitenge. Nasi tuwe na katiba. Akanigeukia mimi kule nyuma kwa wanawake: Mwalimu Zuwena atufundishe Wamarekani walifanyaje, kisha atuandikie katiba kwa Kiswahili safi.

Wanawake hawapigi kura katika mambo haya. Kalamu tunapewa.

Nimekubali. Bora niandike mimi kuliko iandikwe na Hamza, katibu, ambaye hajui alama ya mkato inawekwa wapi.

Jumapili, 9 Mei

Somo la kwanza. Nimewaeleza kwamba walowezi wale walitozwa kodi na Bunge la London ambalo wao hawakuwa na mjumbe ndani yake. Kwamba huko Bostoni waliitupa chai baharini. Wanaume walipiga makofi kana kwamba wao ndio walioitupa. Kisha wakaomba chai. Mabruki akaileta.

Mabruki bin Feruzi ndiye mpishi wetu. Alikuja nchi hii akiwa mpishi wa meli, zamani, kabla ya sisi tuliokimbia mapinduzi. Sasa anapika katika jiko la hospitali, na Jumapili anatupikia sisi. Mkewe, Tausi, alifariki majira ya baridi yaliyopita. Amezikwa katika safu ya makaburi ambayo jumuiya kubwa imewatengea Waunguja. Ubavuni mwake pamebaki nafasi moja, na Mabruki kila mtu humwambia kuwa ile ni yake. Kifua chake si kizima. Anakohoa akipanda ngazi.

Jumatano, 19 Mei

Nimeandika vifungu vya mwanzo. Jina la chama. Makusudio. Wajane wa wanachama na haki zao. Kazi safi. Nimeridhika nayo, na mimi si mwepesi wa kuridhika.

Jumapili, 30 Mei

Uhuru umepatikana.

Tulikwenda Kingsbury na barua ya kujitenga. Nilikwenda kwa kuwa niliiandika mimi. Bwana Suleiman alivaa koti jeusi na tai, jasho likimtiririka. Alikuwa amejiandaa kwa vita. Mwenyekiti wa jumuiya kubwa ni mzee mmoja wa Kampala mwenye duka la vitambaa. Aliisoma barua, akavua miwani, akasema: “Haya, ndugu zangu. Mnakwenda salama. Karibuni chevda.” Akatukabidhi na ile safu ya makaburi, iwe yetu wenyewe, tuitunze wenyewe. Badala ya shari tuliyoitarajia, tulipewa sahani ya dengu za kukaanga.

Ndani ya treni Bwana Suleiman alivua tai akaikunja. Alinyimwa mfalme wa kumkataa.

Jumapili, 6 Juni

Somo la nne. Wamarekani baada ya vita. Niliwaambia kushinda ni jambo moja na kutawala ni jingine. Serikali yao ya kwanza ilikuwa dhaifu, haikuweza hata kutoza kodi. Wajumbe wakakutana Filadelfia wakati wa joto, wakafunga madirisha ili wasisikiwe, wakaunda serikali mpya. Majimbo ya kusini yalikuwa na watumwa na hayakukubali kuingia isipokuwa kwa masharti. Basi wakapatana: mtumwa, katika kugawa viti vya bunge, ahesabiwe kuwa sehemu tatu za mtu katika tano. Na mtumwa mwenyewe asipate kura yoyote.

Niliwaambia ile ni fedheha. Kwamba watu wale wale walikuwa wameutangazia ulimwengu kuwa binadamu wote wameumbwa sawa. Na kwamba fedheha ile ilikuja kuondolewa kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya karibu miaka themanini.

Mara hii hawakupiga makofi. Nilidhani wameelewa. Bwana Suleiman alikuwa anaandika.

Jumamosi, 12 Juni

Bwana Suleiman amekuja nyumbani na Hamza. Wamekula visheti vyangu. Kisha akasema yaliyomleta.

Anataka kifungu cha uanachama kiseme hivi: mwanachama ni mwanamume ambaye nasaba yake inajulikana mjini Unguja. Na kuzikwa katika safu iwe haki ya mwanachama na watu wake tu.

Nilimuuliza nani asiyejulikana nasaba. Alitazama zulia. Hamza alitafuna.

Ni Mabruki. Hakuna mwingine. Baba yake ni Feruzi na nyuma ya Feruzi hapana jina, kwa kuwa babu yake aliletwa Unguja na minyororo akauzwa sokoni. Kila mtu analijua hilo. Hakuna anayelitamka. Wanakula biriani yake wanalamba na vidole.

Nikamwambia hapana. Akanijibu taratibu, kama anamjibu mtoto. “Mwalimu, si wewe uliyetufundisha? Wenzetu walipatana ili umoja usivunjike. Kuna jamaa hawataingia chama kimoja na… na kila mtu. Wewe wawajua. Tukiwakosa hao, chama hapana.”

Nilifundisha fedheha. Yeye ameichukua kama mapishi.

Nimeona kinyaa, sijui neno jingine. Sisi ni watu tuliofukuzwa kwetu kwa kuulizwa babu zetu walikuwa nani. Tumefika London, tunaulizana babu zetu walikuwa nani. Yule karani wa kizungu katika jengo refu aliniuliza nilikozaliwa, akapiga muhuri. Hakuniuliza zaidi ya hapo.

Jumatatu, 14 Juni

Nimekiandika kifungu kile. Hoja yangu ni hii: kikiandikwa wazi, kikasomwa mbele ya watu wote, mchana, watakiona kilivyo na watakikataa. Kura itapigwa kifungu kwa kifungu, Suleiman ameahidi. Kisichoandikwa hakikataliki.

Hoja nzuri. Nimekuwa nikijirudishia hoja hiyo tangu asubuhi.

Ijumaa, 25 Juni

Joto. Sijaona joto hili katika nchi hii. Majani ya bustanini yamekuwa rangi ya mkeka. Waingereza wanatembea wamevua mashati, vifua vimeiva kama pweza. Hakuna aibu.

Mabruki nilikutana naye kituoni. Amesikia habari za kifungu. Nani kamwambia sijui. Hakunilaumu. Aliniuliza: “Mwalimu, na ile nafasi ya ubavuni mwa Tausi? Watamfukia humo mtu mwingine?” Nikamwambia kura itaamua na watu hawatakubali. Alitikisa kichwa. Alikuwa na kikapu cha vitunguu. Alipumzika mara mbili kabla ya kufika juu ya ngazi.

Jumapili, 4 Julai

Niandike kwa utaratibu, maana nina hasira.

Ukumbi ulijaa. Pazia la wanawake lilivutwa nusu kwa ajili ya joto, basi niliona kila kitu. Suleiman alichagua siku hii makusudi, ndiyo siku ya uhuru wa Wamarekani. Nilisoma katiba yote, tangu kifungu cha kwanza. Nilipofika kile cha uanachama sikuinua sauti wala sikuishusha. Watu walianza kunong’ona. Kijana mmoja fundi umeme alisimama akasema tupige kura kifungu kwa kifungu kama tulivyoahidiwa. Wengine wakaitikia. Nikasema moyoni: sasa.

Suleiman alitabasamu. Akasema naam, kura itapigwa, lakini kwanza tuombe baraka. “Fatiha, jamaa.”

Nani atakataa Fatiha? Ukumbi mzima uliinua mikono. Wanaume, wanawake, watoto. Mabruki alitoka jikoni kwa kusikia Fatiha, akasimama mlangoni, akainua mikono yake ikiwa bado imelowa. Kila mtu alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi sikuinamisha, nilikuwa ninamtazama Hamza. Hamza alikuwa anatembea katikati ya safu za viti na penseli mkononi, midomo inachezacheza.

Alikuwa anahesabu.

Tulipojipangusa nyuso na kusema amin, Suleiman akatangaza: “Alhamdulillahi. Katiba imepita kwa mikono yote. Na imefungwa kwa Fatiha.”

Baadhi walicheka, wakidhani ni mzaha. Mabruki alicheka. Kisha akaacha. Alitazama mikono yake mwenyewe.

Alijitoa mwenyewe chamani kwa dua yake. Nimeishi miaka mingi nimeona mengi, pamoja na yale ya mwaka wa sitini na nne. Ujanja mchafu kama huu, unaovalishwa Quran kama kanzu, sijauona. Sikula. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Jumatatu, 5 Julai

Nilikwenda kwa Suleiman. Alinifungulia mwenyewe, akaniita “Mwalimu wangu”. Nilimwambia ile haikuwa kura. Akaniambia Fatiha haitenguliwi. Anajua anachokisema. Kwetu jambo likishasomewa Fatiha limekwisha, awe ni mchumba, iwe ni nyumba, uwe ni ugomvi. Anayelivunja anajitafutia balaa. Hata wanaochukia kifungu kile wataogopa kukigusa. Amewafunga kwa kamba wanayoiheshimu.

Mama yake, Bi. Mgeni, alikuwa amekaa pembeni anajipepea kwa kipepeo cha ukili. Nilipokuwa ninatoka akaniambia: “Usiondoke na kiu, Zuwena. Mie sijui nini mnagombania. Mie Fatiha ile niliomba upepo. Nilikuwa nakufa mle ndani.”

Nilisimama pale mlangoni. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Tendo hufuata nia. Hili analijua mtoto wa chuo cha Quran.

Jumamosi, 10 Julai

Wiki nzima ya mabasi na treni. Miguu imevimba. Nimebisha hodi kwa kila mtu aliyekuwa ukumbini na nimeuliza swali moja: ulipoinua mikono, ulinuia nini?

Mke wa dereva wa basi: dada yake aliyebaki Unguja apate ruhusa ya kutoka. Fundi umeme: mtihani. Mzee mmoja wa Thamesmead, mnene, hana haya: “Nilinuia biriani iive, Mwalimu. Harufu ilikuwa ishanifika.” Wengi hawakunuia kitu. Waliona mikono juu nao wakainua.

Hamza alinikwepa mpaka nikamkamata dukani. Akasema yeye hakuinua. “Mie ningeinua vipi? Nilikuwa nahesabu.” Hakuona alichokisema. Basi hata katibu wa chama hakuipigia kura katiba ya mikono yote.

Mabruki nilimuuliza mwisho. Alinuia Tausi.

Katika kila jiko waliniambia kifungu kile kibaya. Wanaume wazima, kwa sauti ndogo, wakitazama mlango. Mmoja alilia. Nimeanza kuwa na matumaini, nami sipendi hali hiyo.

Jumapili, 18 Julai

Nilisimama. Mwanamke kusimama mkutanoni bila ya kuitwa hakujapata kutokea. Niliwasomea nia zao, mmoja baada ya mwingine, bila ya majina. Nikasema: hizi ndizo mlizozisomea Fatiha, na Mungu amezisikia hizi. Katiba hakuna aliyeiombea.

Suleiman alisimama kujibu. Kabla hajafungua mdomo sauti ya mama yake ikatoka nyuma ya pazia: “Suleiman, usinitie mie katika makaratasi yako. Mie niliomba upepo, na hata huo sijaupata.” Ukumbi ulicheka mpaka viti vikagonga. Suleiman akakaa. Fatiha ilikuwa imefunguka.

Hapo ndipo ingefaa nifunge daftari hili.

Lakini walisimama wale jamaa wa Suleiman, wawili watatu, wakasema kifungu kikiondolewa wao wanatoka, na watu wao, na watarudi Kingsbury. Kicheko kilikufa. Nikaona nyuso zile zile nilizoziona majikoni zikigeuka, kama mtu anavyogeuza godoro. Kisha yule yule aliyelia mbele yangu akasema kwa upole: “Tufanye mapatano.”

Mapatano ni haya. Mabruki atazikwa katika safu, ubavuni mwa mkewe. Uanachama hatapewa, wala kura, wala kiti. Wakainua mikono. Mara hii mikono ya kweli, yenye nia, macho wazi. Karibu wote. Fundi umeme hakuinua.

Suleiman alinipita akaniambia kwa heshima kabisa: “Umeona, Mwalimu? Kama Filadelfia.”

Nilikwenda chooni nikatapika. Sisemi kwa mfano.

Mabruki alikuwa jikoni wakati wote, akiosha masufuria. Hakuna aliyekwenda kumwambia. Nilikwenda mimi. Alikausha mikono kwa kitambaa, akauliza: “Ubavuni hasa? Si kule mwisho wa safu?” Nikasema ubavuni hasa. Akakaa juu ya gunia la mchele.

Jumanne, 20 Julai

Nimewatumia habari kwamba sitaandika neno jingine la chama chao.

Alasiri Mabruki alikuja. Amevaa kofia yake ya Ijumaa. Ameleta mkate wa kumimina. Alizungukazunguka, kisha akasema: “Mwalimu, kile kifungu changu. Hamza ndiye atakayekiandika. Huyo mtu hata hodi hajui kuiandika. Kesho kutwa nikifa, watasema kimeandikwa vingine.”

Nilimwambia sitaandika kwamba yeye ni kipande cha mtu. Nilisema maneno makali. Nilimwambia hawa hawafai kuoshewa hata sahani, na yeye asikubali, akatae, na mimi nitasimama naye.

Aliniacha nikamaliza. Ni mwenye adabu kuliko mimi. Akasema: “Kura niipigie nini, Mwalimu? Tausi hayuko kwenye kamati. Tausi yuko kwenye safu.”

Nikachukua kalamu.

“Atazikwa katika safu ya Waunguja, ubavuni mwa mkewe, lakini hatapiga kura wala kushika cheo.” Nilipoifikia nukta nilihisi kwamba sentensi hii mkono wangu unaijua. Nikafungua nakala ya mwezi Mei. Kifungu cha wajane. Mjane wa mwanachama atazikwa katika safu ya Waunguja, lakini hatapiga kura wala kushika cheo. Mwandiko wangu. Hakuna hata neno lililofutwa. Siku ile niliandika kwamba nimeridhika.

Basi walichompa Mabruki ndicho nilichonacho mimi mjane, na nilijipa mwenyewe. Kinyaa changu cha zaidi ya mwezi kilikuwa na mlango wa nyuma, na mimi mwenyewe niliuacha wazi.

Sikumwambia. Alikunja karatasi mara nne akaitia ndani ya kofia.

Jumapili, 25 Julai

Sikwenda mkutanoni. Bi. Mgeni alinifuata, ameletwa na mwanawe kwa gari, mwanawe hakushuka. Alitaka kujua wake za Wamarekani walikuwa wapi siku ile madirisha yalipofungwa. Nikamwambia hawakuwamo, na kura walikuja kuipata baada ya zaidi ya miaka mia moja na thelathini. Alifikiri. “Mie sina muda huo,” akasema. Akaniomba nimsomee kifungu chetu, cha wajane. Nikamsomea. Akaniomba nimsomee tena, polepole, naye akikirudia nyuma yangu mpaka akakihifadhi, apate kumsomea mwanawe garini.

Ijumaa, 30 Julai

Baada ya sala nilikwenda na Mabruki makaburini. Mabasi mawili. Alikataa nimshike mkono.

Nyasi zimekauka zote, ardhi imepasuka. Alisoma Yasin kwa moyo. Anakosea mahali pawili, sikumsahihisha. Kisha akasimama mahali pake pale, kwenye nafasi, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayekagua chumba cha kupanga. Akasema udongo ni mgumu, vijana watachoka kuchimba. Akasema ni bora afe baada ya mvua.

Akaokota makopo mawili yaliyotupwa pale, akayatupa pipani. Tukangoja basi. Lilikuja tupu, tukapata viti vya mbele.

Upepo ulikuwa umeanza.